Mali Bila Daftari: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Mikoko ya Lamu

Kwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu. Kwa Mhifadhi Mkuu wa Misitu. Kwa Gavana wa Kaunti ya Lamu na waheshimiwa wa bunge la kaunti.

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum. Nawaandikia kutoka Mtangawanda, kwenye gati la kisiwa cha Pate. Kazi iliyonilea mimi na wanangu ni ukarani wa boriti, ile miti ya mikoko ya kujengea. Jahazi likija kupakia, mimi hukaa tezini na daftari langu, wapakizi wakipokezana miti begani, mmoja akihesabu kwa sauti, na kila korja ikitimia natia mstari. Korja ni miti ishirini. Tajiri hulipa kwa mistari ile, mkataji hulipwa kwa mistari ile, na nauli ya nahodha hutoka kwenye mistari hiyo hiyo. Nimeona watu wazima wakikaribia kushikana mashati kwa sababu ya mstari mmoja uliopungua. Kwa hiyo mtanistahamilia nikiwa mtu wa kupenda hesabu.

Swali langu kwenu ni la kikarani. Mwaka jana zilikatwa korja ngapi Lamu? Katika hori gani, yaani mkono gani wa bahari uingiao msituni, za mti gani, za kipimo gani?

Nimeliuliza swali hili katika ofisi moja ambayo siitaji, nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Niliporudi nikaambiwa mhusika yuko safarini. Nimeliuliza tena katika mkutano wa hadhara, mgeni rasmi alitabasamu akasema, "Mzee, hayo ni mambo ya kitaalamu." Kuhesabu miti kwa ishirini ishirini ndiyo kazi yangu ya maisha, nikaona ajabu kuambiwa ni utaalamu usionihusu. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Mikoko hii ni mali ya umma, na hilo halina mjadala. Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko ya pwani kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na serikali huru ikaliendeleza tangazo hilo mwaka 1964. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaiweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma. Basi nyinyi ni wadhamini, na mwenye mali ana haki ya kumwuliza mdhamini. Na mali yenyewe si haba. Mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko, ule wa 2017 hadi 2027, unasema Kenya ina hekta 61,000 na ushei za mikoko, na Lamu peke yake ina zaidi ya hekta 37,000. Yaani katika kila hekta tano za mikoko ya nchi hii, tatu ziko kwetu.

Lakini kuna hesabu nyingine. Watafiti waliozisoma picha za setilaiti za kuanzia 1985 hadi 2010 walipata hekta 45,590 kwa nchi nzima, wakasema katika miaka ile 25 ilipotea asilimia 18 ya mikoko. Huenda namna za kupima zinatofautiana, na siwezi kubishana na wanaojua kusoma picha za angani. Nasema tu kwamba baina ya hesabu moja na nyingine kuna zaidi ya hekta 15,000. Karani wa duka la mchele akimletea tajiri wake tofauti ya namna hiyo, hafiki Alhamisi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msitu wetu unapotea hivyo hivyo.

Nitaeleza unavyopotea, kwa sababu walio mbali hudhani kwamba msitu ukiharibika utaona uwanda mtupu wenye visiki. Kwa mikoko sivyo. Ukipita na boti katika mlango wa Mkanda, au ukizunguka kisiwa cha Manda, utaona kijani kitupu kushoto na kulia, upige picha, urudi mjini ukaandike ripoti nzuri. Shuka ukanyage tope ndipo uone.

Mti wa mkoko huuzwa kwa unene wake. Mwembamba kabisa ni fito, wa kufungia kuta za udongo na kujengea nyuzio za samaki. Anayefuata ni pau. Kisha boriti yenyewe, inayoanza kama sentimita nane hivi, kisha nguzo. Boriti ndiyo iliyojenga Lamu. Nyumba za mawe za mji wa kale, ule ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti iliyobeba dari. Boriti hiyo hiyo ilikwenda Arabuni kwa majahazi yaliyoshuka na kaskazi na kurudi na kusi, ikaezeka nyumba za Oman na za Ghuba kabla ya mafuta na saruji kuwatajirisha.

Sasa, kila mnunuzi anataka boriti iliyonyooka. Basi mkataji anaingia msituni, anauacha mti mzee uliopinda, anaiacha fito, anachukua mti wa katikati ulionyooka. Kesho anarudi, anafanya hivyo hivyo. Baada ya miaka unabaki na mizee iliyopinda ambayo haina soko na vitoto vilivyosongamana chini. Kutoka juu angani ni msitu. Kutoka botini ni msitu. Kwa mwenye daftari ni ghala lililoondolewa mali nzuri yote. Katika madaftari yangu ya zamani kurasa zilijaa boriti. Ya karibuni yamejaa pau. Na pau ni boriti ya kesho. Anayeikata leo anakula mbegu. Mti unaobaki kuzaa ni ule uliopinda, na mkataji yeyote mwenye umri wangu atakuambia kwamba miti iliyonyooka sasa inafuatwa mbali zaidi ndani ya hori, mpaka mahali ambapo dau haliingii ila siku za bamvua, maji yakijaa sana.

Kisha kuna jambo la aina za miti, ambalo leseni zenu hazilijali. Leseni husema "mikoko," basi. Lakini mkoko wenyewe, na mkandaa, na muia, ukikatwa umekwisha, kisiki hakichipui. Mahali pake hupati mti mwingine mpaka mbegu ile ndefu ianguke ijichomeke topeni, isichukuliwe na maji wala kuliwa na kaa, na isikanyagwe na wakataji wanaokuja nyuma. Mchu ni tofauti. Mchu ukiukata hutoa machipukizi pembeni, na mlilana na mkomafi pia huchipua. Hivyo anayekata korja kumi za mkandaa na anayekata korja kumi za mchu hawajaufanyia msitu jambo moja, ijapokuwa mbele ya leseni wote wawili wamekata korja kumi. Mchu huchomewa chokaa, mlilana hutoa mataruma ya mashua, mkomafi hutoa mbao za vitanda na dawa ya tumbo. Kila mti una mteja wake, una ukuaji wake na una pigo lake. Daftari lisilotenganisha miti hii ni daftari la mtu anayetaka tu kukusanya ada.

Na mwaka 1967 idara ya misitu ilijua haya, maana wakati huo walikuja wapimaji wakaingia topeni, wakaipima mikoko ya Lamu, wakaigawa katika sehemu tano: visiwa na hori za kaskazini, kaskazini ya kati, kusini, hori za Mongoni na Dodori, na kisiwa cha Pate. Nataka kujua leseni za leo zinagawanywa kwa sehemu hizo tano au kwa foleni ya mlangoni. Kama ni kwa foleni, basi watu wote watakata karibu, palipo na nafuu ya mafuta ya boti, na panapokatwa karibu ndipo panapokwisha.

Nyinyi mkiona mambo yameharibika, dawa yenu ni kufunga. Mwaka 1982 Rais Moi alipiga marufuku boriti kuuzwa nje, na biashara ya Arabuni ikafa. Sitasema lilikuwa kosa. Huenda bila marufuku ile tusingekuwa na cha kuandikia barua. Kisha Februari 24, 2018, Naibu wa Rais wa wakati ule, William Ruto, akatangaza marufuku ya kukata miti katika misitu yote ya serikali kwa siku 90. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena. Kilichowasukuma kilikuwa kukauka kwa mito ya bara, Mau na Aberdare na kwingineko, na magari ya mbao yaliyokuwa yakishuka usiku. Lakini mkwaju uliopigiwa Mau ukamwangukia mtu wa Kizingitini, hapa Pate. Wakataji wa visiwani, ambao hawana shamba la mahindi wala ng'ombe wa maziwa, wakakaa barazani mwaka mzima mpaka kilio chao kikasikika na Lamu ikalegezewa mwaka uliofuata.

Sikatai marufuku. Mpishi akizima moto ili aonje chumvi, ana akili. Lakini mwaka ule moto umezimwa, nani alionja? Ilikuwa nafasi ambayo haitarudi kwa urahisi: msitu umenyamaza, mashoka yako ndani, wakataji wanaojua kila hori wako barazani bila kazi na wangewabeba wapimaji wenu kwa chakula na posho ndogo tu. Mngeweza kuipima Lamu sehemu tano zote. Marufuku ilipolegezwa, wakataji wakarudi kwa njaa ya mwaka mzima na madeni ya mwaka mzima, wakakata kama waliokuwa wamefungwa, na hakuna kijiji nilichopita ambacho kilikuwa kimebandikiwa ukutani karatasi ya kusema: hori hii ina kiasi hiki, hapa mtakata hiki na hapa msiguse.

Wengi wenu mtakumbuka kwamba katika mwezi wa Aprili mwaka ule ule wa 2018, kikosi kazi kilichoundwa kuchunguza misitu, kikiongozwa na Marion Wakanyi Kamau wa shirika la mazingira la Green Belt Movement, kilitoa ripoti yake. Hakikupaka asali. Kilisema bodi na uongozi wa Shirika la Huduma za Misitu walishindwa kuzuia uharibifu na ukataji haramu, na zaidi ya kushindwa, kwamba wao wenyewe waliushiriki na kuusimamia. Hayo ni maneno ya serikali kuhusu serikali, si ya karani wa boriti. Ripoti ilihusu nchi nzima, na sisemi kila ofisa aliyepangiwa Lamu ni mwizi. Wapo niliowajua waliokuwa wakilala topeni na wakataji na kula nao uji. Lakini mfumo ambao ripoti ile iliueleza haukutengenezwa na mtu mmoja, na hauondoki kwa kumhamisha mtu mmoja.

Mfumo wenyewe ni huu, kwa jinsi unavyoonekana kutoka tezini. Leseni inasema korja kadhaa. Jahazi linabeba kadhaa na nyingine. Mtu anayetakiwa kulinganisha karatasi na mzigo ndiye huyo huyo aliyetoa karatasi, na nakala iko kwake, na hakuna mtu wa tatu anayeiona. Hapo huhitaji kumtafuta shetani. Nafasi yenyewe inatosha. Mwaka fulani nililiona dau dogo la vijana watatu limekamatwa kwa sababu ya korja nne zisizokuwa na kibali, likavutwa pwani na kuachwa mpaka likapasuka kwa jua. Wiki ile ile jahazi nililoliandika mwenyewe liliondoka na mzigo ambao ningependa sana kuona karatasi yake. Sitataja ofisi wala jina, kwa sababu sina nakala, na hilo ndilo ninalolalamikia.

Vijana wale watatu si matajiri, mjue. Mkataji huingia kambini na unga, sukari, maji ya kunywa na mafuta ya taa alivyokopeshwa na tajiri wake, na deni lile hulipwa kwa miti. Akirudi, akikatwa deni, kinachobaki hakimtoshi mpaka bamvua ijayo, basi anakopa tena. Mtu wa namna hiyo hawezi kuacha mti ulionyooka kwa ajili ya wajukuu. Bei inayolipwa Malindi na Mombasa kwa korja ile ile mkataji haijui, na akiijua humtia uchungu. Mnapopandisha ada ya leseni, anayeilipa mwishowe ni yeye, siyo mwenye ghala.

Na mwaka huo wa 2018 ulikuwa na jambo la tatu. Mahakama Kuu ya Malindi ilitoa hukumu katika kesi ya wavuvi na wakazi wa Lamu dhidi ya bandari ya Lamu, iliyo sehemu ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa serikali wa uchukuzi, ikaona haki zao za mazingira na utamaduni zimevunjwa na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Bandari ilipojengwa upande wa Kililana, mikoko iliondolewa na chini ya bahari ikachimbwa ili meli kubwa zifike. Rais Uhuru Kenyatta alilifungua gati la kwanza Mei 2021. Mimi si adui wa bandari, nina wapwa wanaotafuta kazi pale. Nauliza tu: mikoko ile iliyong'olewa kwa tingatinga iliingia katika daftari gani? Mkandaa mmoja akiukata kijana wa Ndau bila kibali ni kosa la misitu. Eneo zima likiondolewa na mradi wa serikali, linaitwa jina jingine na kuandikwa kwenye faili la wizara nyingine. Msitu haujui tofauti hiyo. Kamba na kaa waliokuwa wakizalia kwenye mizizi ile hawajui, na mvuvi anayerudi na dema, mtego wake wa samaki, likiwa tupu anaijua kwa kuambiwa tu.

Kwa misitu ya nchi kavu sitasema mengi, kwa kuwa si fani yangu. Lakini msitu wa Witu nao ni wa serikali, na msitu wa Boni na Dodori umekuwa mahali pa operesheni za usalama tangu 2015, na Waaweer ambao ndio wenyeji wa msitu ule wamefungiwa nje ya asali yao na matunda yao. Aliyefungiwa nje hawezi kushuhudia kinachotoka. Fundi wa milango ya nakshi hapa Lamu akikuambia mbambakofi yake ilikotoka siku hizi, msikilize kwa makini.

Sasa mnakuja na mambo mawili mapya, kupanda na kaboni.

Kupanda kwanza. Rais ametangaza miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kila ofisi inatafuta pwani ya kupandia mikoko na kupigia picha. Mbegu ya mkoko ni ndefu, inashikika, inapandika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu, basi wageni wanapanda mkoko kila mahali, hata pale ambapo pangefaa mchu au mlilana, hata kwenye tope tupu la nje linalopigwa na mawimbi. Baada ya miezi michache hakuna kitu, lakini ile idadi iliyotangazwa siku ya kupanda haipunguzwi. Kina mama wa Mtangawanda wamepanda kwa miaka na wanajua wapi panakubali na wapi panakataa, wanajua kwamba mahali pengine kinachotakiwa ni kufungua njia ya maji tu na msitu utajirudia wenyewe. Waulizeni kabla ya kuchapisha fulana.

Kaboni ni kubwa zaidi: ni kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti iliyosimama inaihifadhi. Gazi, huko Kwale, wamekuwa wakiuza kaboni ya mikoko tangu 2013 kwa eneo la hekta 117, na kijiji kimepata maji na vifaa vya shule. Nawapongeza kwa dhati. Sisi tuna hekta elfu thelathini na kitu, na mazungumzo ya kaboni yamefika huku na maneno yake matamu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi ya ardhini iipe jamii asilimia 40 ya mapato kwa uchache. Vizuri. Lakini asilimia 40 ya ngapi? Kaboni ni hesabu ya miti iliyosimama, imepungua au imeongezeka, mwaka kwa mwaka. Ofisi ambayo leo haiwezi kuniambia korja ngapi zimetoka Dodori, kesho itamwambiaje mnunuzi wa ng'ambo tani ngapi zimebaki Dodori? Na mkataji je, ataambiwa asiguse msitu kwa sababu umeuzwa hewani, na yeye kwenye mkutano wa kugawana hana hata kiti? Naogopa tutafungiwa mara ya tatu, safari hii kwa mkataba wa miaka mingi, na daftari likiwa mbali zaidi kuliko Nairobi.

Ninachotaka si kikubwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 imeshasema misitu ya umma iwe na mipango ya usimamizi na jumuiya za misitu zishiriki. Mpango wa mikoko unaisha 2027, kwa hiyo mtakaa kuandika mwingine. Kabla hamjauandika, hesabuni. Wachukueni wakataji wenyewe, ndio wanaojua hori moja moja na maji yake, mpime nao sehemu zote tano, mti kwa aina yake na kipimo chake. Kisha leseni zitolewe kwa hori, na kila hori iliyokatwa ipewe miaka ya kupumzika ambayo kijiji kitaijua na kuilinda, kwa kuwa zamu yake itarudi kwao wenyewe na si kwa mtu wa foleni. Mkandaa na mkoko viwe na kiwango chao, mchu uwe na chake. Pau ikatwe kwa kiasi maalumu, la sivyo boriti hatutaiona tena ila darini kwa watu.

Na kila mwezi, kwenye kila gati, Mtangawanda, Kizingitini, Faza, Mokowe, Mkunumbi, ibandikwe karatasi moja: nani ana leseni, ya korja ngapi, katika hori gani, na zimeshatoka ngapi. Karatasi moja tu, ya bei ya shilingi kumi. Jahazi likipakia, mimi na makarani wenzangu tutasimama hapo na madaftari yetu, na anayetaka kulinganisha alinganishe. Mtashangaa jinsi askari wenu wa misitu watakavyopumzika, maana kila mpakizi atakuwa askari. Mkataji mwenye karatasi halali hataki mwizi akate hori yake. Leo hana namna ya kumjua mwizi, kwa sababu hajui nani mwenye haki.

Mtu mmoja aliniambia nikiandika haya nitawafungisha wakataji. Nimemjibu kwamba wamefungwa mara mbili bila barua yangu.

Mwisho, naomba barua hii ichukuliwe pia kama ombi rasmi chini ya Sheria ya Upataji Habari ya 2016, ambayo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Naomba idadi ya leseni za mikoko zilizotolewa katika Kaunti ya Lamu kwa kila mwaka tangu marufuku ilipolegezwa, korja zilizoruhusiwa na korja zilizotoka kwa kila sehemu kati ya zile tano, aina za miti, na ada zilizokusanywa. Naomba pia hekta za mikoko zilizoondolewa kwa miradi ya serikali tangu ujenzi wa bandari ulipozinduliwa Machi 2012, na ikiwa ipo mikataba ya kaboni inayozungumzwa juu ya mikoko ya Lamu, majina ya wanaozungumza. Sheria imewapa siku 21. Zikipita bila jibu, nitalipeleka ombi hili kwa Tume ya Haki ya Utawala, na wenzangu wa Siyu, Ndau na Matondoni watapeleka yao.

Nakala ya mkono nimeikabidhi ofisini na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Jibu nalo tafadhali lije kwa Kiswahili, kwa sababu nitalibandika gatini, na watakaolisoma ni wakataji na wapakizi.

Wasalaam,

Karani wa boriti,
Mtangawanda, Pate